Sikoseli ilipojifanya jeni ya skizofrenia: mwongozo kamili wa takwimu za vinasaba vya magonjwa ya akili

Tuanze na hesabu ya kubuni iliyojengwa juu ya jambo la kweli. Aleli ya sikoseli, yaani umbo la jeni linaloleta ugonjwa huo, ni ya kawaida palipo na malaria nyingi, kama Pwani ya Afrika Mashariki na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni adimu kwenye nyanda za juu zenye baridi. Tuseme Pwani inapatikana katika nakala 8 kati ya 100, nyanda za juu nakala 1 kati ya 100. Umekusanya wagonjwa 1,000 wa skizofrenia: 800 wa Pwani, kwa sababu daktari unayeshirikiana naye yuko huko, na 200 wa nyanda za juu. Watu 1,000 wa kulinganisha nao umewapata kinyume chake, 200 wa Pwani na 800 wa nyanda za juu, kwa sababu ndiko chuo chako kilipo. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, kwa hiyo kila kundi lina nakala 2,000. Hesabu: kwa wagonjwa utaikuta aleli ya sikoseli mara 132, kwa wenzao mara 48.

Uwiano wa nafasi, ule ambao programu huuandika OR, unatoka 2.87. Thamani ya p ni takriban 1.5 × 10⁻¹⁰. Kwa kipimo cha fani hii umegundua jeni, na andiko lako lingepita. Lakini ni uongo mtupu. Ndani ya Pwani wagonjwa na wasio wagonjwa wako sawa, 8 kwa 8. Nyanda za juu wako sawa, 1 kwa 1. Ulichogundua ni kwamba wagonjwa wako uliwakusanya penye mbu.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Anayeingia kwenye takwimu za vinasaba vya magonjwa ya akili hudhani atashinda akitafuta jeni. Muda mwingi utaenda kwenye kufukuza jeni za uongo, na zile chache zitakazokataa kufukuzika ndizo utakazoandika. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi au mtafiti anayejua regresheni, ana kompyuta ya kawaida, na hajawahi kushika faili ya vinasaba.

Kwa nini takwimu, si darubini

Masomo ya mapacha yanaonyesha kuwa karibu asilimia 80 ya tofauti za watu katika uwezekano wa kupata skizofrenia inatokana na urithi. Kwa sonona ni karibu asilimia 37. Tahadhari: 80 hii haisemi kuwa mtoto wa mgonjwa ana nafasi ya asilimia 80 ya kuugua. Wengi wao hawaugui kamwe. Inasema tu kwamba, katika jamii iliyopimwa, tofauti kati ya mtu na mtu zimebebwa zaidi na vinasaba kuliko na mengineyo.

Kwa miaka mingi watafiti walichagua jeni moja wanayoipenda, mara nyingi ya serotonini au dopamini, wakalinganisha watu mia mbili tatu, wakachapisha. Mwaka 2019 Richard Border na wenzake walichukua jeni 18 zilizokuwa zimeandikwa sana kuhusu sonona, wakazipima kwa data ya mamia ya maelfu ya watu. Kwa jumla hazikufanya vizuri zaidi ya jeni zilizookotwa bila mpango. Miaka ishirini hivi ya makala ikawa imejengwa juu ya mchanga.

Njia iliyokuja kushika mahali pake haina jeni ya kipenzi. Inapima mamilioni ya snipi, yaani sehemu za herufi moja ya DNA ambapo watu hutofautiana, moja baada ya nyingine katika jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu, na inadai ushahidi mkali kabla ya kukubali chochote. Ushirika wa kimataifa uitwao Psychiatric Genomics Consortium, ulioanza mwaka 2007, ulitumia njia hii kupata maeneo 108 ya jenomu yanayohusiana na skizofrenia mwaka 2014, kisha 287 mwaka 2022 kwa wagonjwa 76,755 na watu 243,649 wa kulinganisha. Ukiweza kurudia hatua zao kwa sampuli yako ndogo, unaijua kazi.

Hatua ya 1: Amua unapima nini, na unapima kwa lugha gani

Hakuna kipimo cha damu cha skizofrenia. Ugonjwa unaoingia kwenye faili yako kama tarakimu 1 ni matokeo ya mazungumzo kati ya watu wawili. Hapo ndipo makosa mengi huzaliwa, na hakuna programu itakayoyaona baadaye.

Chukua swali la kawaida la usaili: "Je, umewahi kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii?" Liulize Pwani, kwa mtu aliyekulia kwenye nyumba inayojua habari za majini, au kwa mganga ambaye kusikia wahenga ni sehemu ya kazi yake. Ndiyo yake si dalili. Msaili anapaswa kuendelea: sauti zilianza lini, zinakuamrisha nini, uliacha kazi, ulikimbia nyumbani, watu wa ukoo wako wenyewe wanasemaje? Kipimo cha mwisho hapa ni jamii ya mtu huyo. Kama jirani zake wanaona yuko sawasawa, simama kidogo kabla ya kuandika 1.

Kuna pia saikosisi inayotokana na kitu kingine: kifafa, maambukizi ya ubongo, bangi, miraa iliyopita kiasi, au VVU visivyotibiwa. Ukiwachanganya wote na wagonjwa wa skizofrenia, unapunguza kila ishara uliyotarajia kuiona. Andika kanuni za kuwatoa kabla ya mgonjwa wa kwanza kuhojiwa, wala usizibadilishe baada ya kuona matokeo.

Sonona ndiyo iliyotufundisha somo hili kwa gharama. Mwaka 2013 wagonjwa 9,240 hawakutoa hata eneo moja. Mwaka 2015 utafiti wa CONVERGE nchini Uchina, wenye wagonjwa 5,303 tu, ulitoa maeneo mawili. Siri yao ni kwamba walichukua wanawake peke yao, wa asili ya Han, wenye sonona kali inayojirudia, waliohojiwa kwa kina. Halafu mwaka 2019 watu 807,553 wakatoa snipi 102, na wengi wao walikuwa wamejibu maswali machache tu kuhusu afya yao. Kwa hiyo njia ni mbili: uwe na usahihi, au uwe na umati. Mtafiti wa kwetu mara nyingi hana umati, basi asiuchezee usahihi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya idadi kabla ya kuomba fedha

Kizingiti cha fani ni p chini ya 5 × 10⁻⁸. Kimetoka kwenye hesabu ya kawaida: jenomu ina vipimo huru karibu milioni moja kwa watu wenye asili ya Ulaya, na 0.05 ukiigawa kwa milioni moja ndiyo hiyo. Kwa Waafrika, ambao jenomu zao zina tofauti nyingi zaidi, vipimo huru ni vingi zaidi, na wapo wanaotumia kizingiti kikali kuliko hicho.

Kanuni unayoweza kuipiga kwa kikokotoo cha simu ni hii:

N = 39.6 ÷ [ 2p(1−p) × (ln OR)² × v(1−v) ]

Hapa N ni watu wote pamoja, p ni kiwango cha aleli katika jamii (si ile thamani ya p ya kizingiti), v ni sehemu ya wagonjwa ndani ya sampuli, na 39.6 ni namba inayokupa nafasi ya asilimia 80 ya kuvuka kizingiti. Snipi nyingi za skizofrenia zina OR ya 1.1 au chini. Weka p = 0.3, OR = 1.1, nusu wagonjwa nusu wazima. Utapata watu 41,500 hivi. Shusha OR hadi 1.05, utahitaji karibu 158,000.

Sasa geuza. Una wagonjwa 1,000 na wazima 1,000, na ile snipi ya OR 1.1 ni ya kweli kabisa. Nafasi yako ya kuiona ni kama 2 katika 100,000. Nimeona mapendekezo ya utafiti yenye watu 300 yakiahidi "kubaini jeni husika". Mwandishi wa pendekezo kama hilo ama hajapiga hesabu, ama ameipiga akainyamazia.

Sampuli ndogo haina maana uache. Ina maana ujiunge. NeuroGAP-Psychosis, ulioanza kukusanya watu kwa lengo la zaidi ya 34,000 kutoka Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, ulizaliwa kwa hesabu hii hii. Kenya ilishiriki kupitia Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, na KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi. Uganda kupitia Makerere. Mmoja wao peke yake asingefika.

Hatua ya 3: Ridhaa, mate, na vishimo 96

Mgonjwa aliye katikati ya saikosisi huenda asielewe anachotia sahihi. Mwulize arudie kwa maneno yake: utafiti huu ni wa nini, anaweza kujitoa, atapata dawa hata akikataa? Akishindwa, msubiri atulie au mwache. Kuhusu DNA, mate yanatosha na yanazua maneno machache kuliko damu. Mwambie asile wala asinywe kwa nusu saa kabla ya kutema.

Sampuli zikifika maabara hupangwa kwenye sahani zenye vishimo 96. Hapa niliwahi kuungua. Katika mradi mmoja sampuli za wagonjwa zilitangulia kufika, zikajazwa sahani zao; za wazima zikaja miezi baadaye, zikapata sahani nyingine. Tulipochambua, snipi zaidi ya mia ziling'aa. Tulishangilia siku nzima. Kisha mwenzetu mmoja akalinganisha sahani mbili za wazima peke yao, na nusu ya snipi zile zile ziling'aa tena. Tulikuwa tunapima tofauti ya bechi za kemikali. Tangu hapo sikubali sahani isiyo na mchanganyiko: wagonjwa na wazima, wanawake na wanaume, kituo hiki na kile, wote sahani moja, kwa orodha iliyochanganywa na kompyuta.

Hatua ya 4: Osha data

Hii ni kazi ya kufuata utaratibu, kwa hiyo naipita haraka. Programu ni PLINK, ya bure. Ondoa kwanza snipi zilizosomeka vibaya sana, kisha watu waliosomeka vibaya, kisha rudi kwenye snipi kwa ukali zaidi:

plink2 --bfile ghafi --geno 0.05 --make-bed --out h1
plink2 --bfile h1 --mind 0.02 --make-bed --out h2
plink2 --bfile h2 --geno 0.02 --maf 0.01 --make-bed --out h3

Linganisha jinsia iliyoandikwa na ile inayoonekana kwenye kromosomu X. Wakitofautiana wawili, labda karani alikosea. Wakitofautiana thelathini mfululizo, sahani iligeuzwa, na majina yote ya sahani hiyo hayaaminiki tena.

Toa ndugu wa karibu kwa --king-cutoff 0.0884, ambayo huwaondoa hadi wajomba na wapwa. Njia hii ya KING inavumilia sampuli iliyochanganya jamii mbalimbali, tofauti na kipimo cha zamani ambacho huwaona watu wa kabila moja kuwa ndugu hata kama hawajuani.

Kipimo cha Hardy na Weinberg kinahitaji akili kidogo. Kinauliza kama wenye nakala mbili, moja au sifuri wamegawanyika inavyotarajiwa. Kikivunjika, mara nyingi chipu, kifaa cha maabara kinachosoma snipi, imesoma vibaya. Lakini kinavunjika pia ukichanganya jamii mbili kwenye kapu moja. Kwa hiyo kipime kwa wazima tu, na kundi kwa kundi. Ukikitumia ovyo kwa sampuli ya Nairobi nzima utatupa snipi nzuri nyingi.

Hatua ya 5: Chora ramani ya asili za watu

Turudi penye mbu. Dawa ya ule uongo wa mwanzo ni vijenzi vikuu, ambavyo programu huviandika PC. Unachukua snipi chache zisizofungamana, na kompyuta inatafuta mihimili ambayo watu wametawanyika zaidi juu yake:

plink2 --bfile h3 --indep-pairwise 200 50 0.2 --out pogoa
plink2 --bfile h3 --extract pogoa.prune.in --pca 10 --out mhimili

Chora PC1 dhidi ya PC2, paka rangi kwa lugha ya nyumbani, kisha chora tena ukipaka rangi kwa hali ya ugonjwa. Kwenye mchoro wa kwanza unatarajia makundi: Wabantu upande huu, wasemaji wa lugha za Kinailo upande ule, Wakushi kwingine, na watu wa Pwani wenye mababu wa Uarabuni wakiwa wametandazwa katikati kama mkeka. Hilo ni la kawaida. Kwenye mchoro wa pili hutarajii makundi. Wagonjwa na wazima wanapaswa kulaliana. Ukiona rangi zimejitenga, hakuna regresheni itakayokuokoa kikamilifu. Rudi ukakusanye wazima kutoka hospitali na vijiji vile vile walikotoka wagonjwa.

Vijenzi vikuu vinasahihisha tofauti za asili. Havisahihishi mbu moja kwa moja, wala umbali wa hospitali, wala umaskini. Vinafanya kazi kwa sababu mambo hayo hufuatana na ukoo. Pale yasipofuatana, kama katika jiji ambalo jirani wa kabila moja wanaishi maisha tofauti kabisa, huna budi kuyaingiza kama vigezo vyenyewe.

Hatua ya 6: Jazia zilizokosekana

Chipu husoma snipi kati ya laki chache na milioni mbili hivi. Zilizobaki hukisiwa kwa kulinganisha na jenomu kamili za watu wengine, kwa sababu herufi jirani hurithiwa pamoja. Seva za bure za TOPMed na Michigan hufanya hivyo usiku mmoja. Kinachokuhusu ni maktaba unayolinganisha nayo: mradi wa 1000 Genomes una watu 2,504, na wawakilishi wake wa Afrika Mashariki ni Waluhya wa Webuye, Kenya. Mgonjwa Mborana anakisiwa kwa kioo cha Mluhya. Tumia maktaba yenye Waafrika wengi zaidi unayoweza kupata, na utupe kila snipi ambayo ubora wake wa kukisia uko chini ya 0.8. Hakikisha pia toleo la ramani ya jenomu, hg19 au hg38. Wengi wamepoteza wiki nzima hapo.

Hatua ya 7: Pima

Baada ya maandalizi yote hayo, uchambuzi ni mstari mmoja:

plink2 --pfile kamili --1 --pheno ugonjwa.txt --covar mhimili.eigenvec --covar-name PC1-PC10 --glm sex hide-covar --out matokeo

Ni regresheni ya lojistiki inayorudiwa mara milioni kadhaa. Sampuli ikiwa kubwa au ina ndugu usiotaka kuwatoa, hamia REGENIE au SAIGE. Ukiwa na vituo vinne, chambua kila kimoja peke yake, kisha unganisha matokeo kwa METAL, ukikipa kila kituo uzito kulingana na usahihi wake. Kituo kimoja kikibeba ishara yote na vingine vitatu vikanyamaza, usikiamini.

Hatua ya 8: Soma michoro miwili

Mchoro wa Manhattan hupanga snipi kwa kromosomu, na urefu ni udogo wa p. Eneo la kweli huonekana kama mnara: snipi moja juu kabisa, majirani zake wakishuka taratibu kila upande. Nukta moja inayoelea angani bila majirani karibu siku zote ni kosa la chipu.

Mchoro wa pili ni wa QQ, unaolinganisha thamani za p ulizopata na zile ambazo ungepata kama hakuna kitu. Muhtasari wake ni lambda, ambayo 1 ni shwari. Vitabu vya zamani husema lambda ikizidi 1.05 kuna uchafu. Kwa magonjwa ya akili kanuni hii inapotosha. Utafiti wa skizofrenia wa 2014 ulikuwa na lambda karibu 1.5 na bado ulikuwa safi, kwa sababu ugonjwa unabebwa na maelfu ya snipi ndogo, na kila moja inasukuma kidogo.

Utatofautishaje uchafu na ishara ya kweli? Hapa pana akili ninayoipenda kuliko zote katika fani hii, LD score regression ya mwaka 2015. Mtu mwenye jamaa wengi husikia habari nyingi. Snipi yenye majirani wengi walioshikamana nayo ina nafasi kubwa zaidi ya kuwa jirani wa snipi inayoongeza hatari ya ugonjwa, kwa hiyo kama ishara ni ya kweli, ndiyo itakayong'aa zaidi. Uchafu wa asili za watu hauna habari na majirani. Unawanyanyua wote sawa. Chora nguvu ya ishara dhidi ya wingi wa majirani. Mteremko unakupa urithikaji. Mahali mstari unapokata mhimili wa wima panakupa uchafu. Pakikaa karibu na 1, tulia. Ila njia hii inahitaji hesabu za majirani kutoka jamii yako, na kwa watu wa mchanganyiko wa karibu, kama Waswahili wengi wa mwambao, inayumba.

Hatua ya 9: Kutoka mnara hadi jeni

Mnara unakupa mtaa, haukupi nyumba. Ndani yake kunaweza kuwa na snipi mia zinazofanana kitakwimu. Programu kama SuSiE na FINEMAP hukupa orodha fupi ya washukiwa kwa uwezekano wa kila mmoja. Hapa Afrika inageuka kuwa neema: kwa kuwa watu wetu wana historia ndefu zaidi, vipande vya DNA vinavyorithiwa pamoja ni vifupi, na orodha ya washukiwa hupungua.

Mfano wa mnara uliofikishwa mwisho ni ule mkubwa kuliko yote, kwenye kromosomu 6, katikati ya jeni za kinga. Mwaka 2016 timu ya Steven McCarroll, Marekani, ilionyesha kwamba sehemu ya ishara ile ni jeni ya C4, ambayo watu hutofautiana si kwa herufi tu bali kwa idadi ya nakala. Aina zinazozalisha C4A zaidi kwenye ubongo huongeza hatari, na kwa panya C4 inahusika katika kupogoa miunganiko ya neva. Chipu peke yake isingewaambia. Walilazimika kuhesabu nakala kwa mkono wa maabara.

Snipi adimu zina kanuni yake

Yote ya juu yanahusu snipi za kawaida. Zile adimu zenye madhara makubwa hukutwa kwa watu wawili watatu tu, kwa hiyo hazipimiki moja moja. Unazijumlisha kwa jeni: wagonjwa wangapi wana jeni hii imevunjika, wazima wangapi? Jeni ni kama 20,000, na kizingiti kinakuwa 0.05 ÷ 20,000, yaani 2.5 × 10⁻⁶. Utafiti wa SCHEMA wa 2022, wenye wagonjwa 24,248, ulipata jeni 10 kwa njia hii, ikiwemo SETD1A na GRIN2A, zenye OR kati ya 3 na 50. Kuna pia vipande vizima vinavyopotea: aliyepoteza kipande cha 22q11.2 ana nafasi ya karibu moja kati ya nne ya kupata saikosisi akiwa mtu mzima.

Hatua ya 10: Alama ya jeni nyingi, na mahali inapovunjika

Alama hii ni jumla tu: nakala za aleli mara logi ya OR. Mtu ana nakala 2 za snipi yenye OR 1.10, nakala 1 ya 1.06, na 1 ya 0.95. Alama yake ni 2 × 0.0953 + 0.0583 − 0.0513 = 0.1976. Endelea hivyo kwa snipi laki kadhaa, uzito (ile logi ya OR) ukiwa umerekebishwa na programu ya PRS-CS au LDpred2. Hakikisha mtu unayempima hakuwemo kwenye utafiti uliotoa uzito. Akiwemo, unajisomea majibu mwenyewe.

Katika utafiti wa 2022, asilimia 1 ya watu wenye alama za juu kabisa walikuwa na OR ya 5.6 ukiwalinganisha na waliobaki wote. Inatisha kwenye gazeti. Ila kama hatari ya kawaida ni 1 katika 100, hao wana kama 5 katika 100, na 95 hawataugua. Anayekuuzia kipimo hiki kumchagulia mwanao mchumba anakuibia.

Na uzito ule umepimwa zaidi kwa Wazungu. Mwaka 2019 Alicia Martin na wenzake walionyesha kuwa karibu asilimia 79 ya watu wote katika tafiti hizi walikuwa wa asili ya Ulaya, na kwamba alama zao kwa sifa mbalimbali zilipoteza usahihi mara 4.5 hivi kwa watu wa asili ya Afrika. Biolojia haina sababu ya kuwa tofauti kiasi hicho: kati ya Ulaya na Asia ya Mashariki, ulinganifu wa kijenetiki wa skizofrenia ni 0.98. Kinachovunjika ni ujirani wa snipi na viwango vyake. Usilinganishe kamwe wastani wa alama za makabila mawili ukadhani umepima ugonjwa. Umepima mbu tena.

Zoezi la kuanzia leo usiku

Huhitaji sampuli wala ruhusa. Pakua data ya 1000 Genomes, chukua Waluhya wa Webuye na Waingereza, ambao faili huwaita LWK na GBR. Wape ugonjwa wa kubuni: andika 1 kwa asilimia 80 ya Waluhya na asilimia 20 ya Waingereza, uliowachagua kwa kura, na 0 kwa waliobaki. Endesha ule mstari wa hatua ya 7 bila kigezo chochote: toa --covar, --covar-name na sex, na baada ya --glm weka allow-no-covars. Utapata jeni za ugonjwa usiokuwepo, kromosomu baada ya kromosomu, na lambda iliyopaa. Kisha ongeza PC1 peke yake, endesha tena, na utazame lambda ikirudi karibu na 1. Snipi zilizowagawa kabisa Waluhya na Waingereza zitaandikwa NA, kwa sababu hapo snipi na PC1 ni kitu kimoja. Hifadhi michoro yote miwili ya QQ kwenye folda moja.

Ukimaliza, badilisha 80 na 20 ziwe 55 na 45, uone inachukua tofauti ndogo kiasi gani kuzaa jeni ya uongo.